Kauri adimu: Jinsi ya kuzitambua simbi zilizosafiri kutoka baharini hadi Ukambani

KATIKA baadhi ya maboma ya Kitui na Makueni, chini ya sanduku la nguo au ndani ya kibuyu kilichoning'inizwa darini, bado hupatikana ukanda wa ngozi ulioshonewa maganda madogo yenye kung'aa kama meno. Ni simbi, au kauri kama wengi wanavyoziita. Ziliachwa na nyanya aliyeziachiwa na nyanya yake, na mara nyingi hakuna aliye hai nyumbani humo awezaye kueleza zilitoka wapi.

Siku hizi maganda hayo yamezua maswali. Kuna wanunuzi wa vitu vya kale ambao huzunguka vijijini wakitoa shilingi chache kwa ukanda mzima. Kwa upande mwingine kuna uvumi kwamba ganda moja la kauri adimu laweza kumtajirisha mtu usiku mmoja. Baina ya hao wawili, mwenye mali hana kipimo. Anaweza kuuza kwa bei ya bure kitu kisicho na mfano wake, au akang'ang'ania ganda la kawaida kabisa akidhani ni dhahabu.

Jibu la awali ni rahisi. Takriban kauri zote zilizoshonwa katika mapambo ya zamani ya Ukambani ni za aina mbili tu, na hakuna kati ya hizo iliyo adimu baharini. Hata hivyo, kuzitofautisha si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa, na sababu zake zafaa kuelezwa.

Kwanza, ni vyema kuondoa dhana moja. Kauri ni konokono wa baharini. Hakuna kauri wa mtoni wala wa ziwani. Ukoo wote, wenye aina zipatazo 250, huishi katika maji ya chumvi. Makombe yanayookotwa kandokando ya Mto Athi au Tana ni ya viumbe wengine kabisa, na yale maganda makubwa ya kahawia yanayotapakaa mashambani baada ya mvua ni ya konokono wa nchi kavu. Miamba ya Kitui na Makueni nayo ni ya kale mno, iliyopikwa na joto la ardhini, wala si matope ya bahari yaliyokauka. Kwa hivyo, mkulima wa Mutomo au Kibwezi anayefukua kauri kwa jembe hajagundua kisukuku. Ganda hilo lililetwa na mkono wa binadamu.

Na mikono hiyo inajulikana. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa biashara ya masafa kati ya bara na Mombasa. Misafara yao iliteremka na pembe za ndovu na kurejea na nguo, shanga, waya za shaba, chumvi na kauri. Mashuhuri zaidi miongoni mwa viongozi wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Ndiye aliyempokea mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, na ni akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1851, Kivoi aliuawa katika shambulio karibu na Mto Tana, akiwa safarini pamoja na Krapf huyo huyo.

Wakati misafara hiyo ikipanda na kushuka, pwani yenyewe ilikuwa imeshikwa na homa ya kauri. Tangu miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walianza kununua simbi Zanzibar na kuzisafirisha kwa meli hadi Afrika Magharibi, ambako zilitumiwa kama fedha. Wavuvi na wanawake wa pwani waliziokota maji yalipokupwa, wakazifukia mchangani hadi nyama ikaoza, kisha wakaziosha na kuziuza kwa magunia. Zilifika Afrika Magharibi kwa wingi kiasi cha kuifanya fedha hiyo kupoteza thamani yake. Nchini Uganda vilevile kauri zilikuwa fedha, na hadi leo Mganda akitaja pesa husema ensimbi. Ukambani kauri ilikuwa zaidi pambo na kitu cha heshima. Ilishonwa kwenye mikanda, ikafungwa kwenye vibuyu na vifaa vya mundu mue, yaani mganga na mtabiri, na ikaonekana katika mavazi ya ngoma ya kilumi.

Sasa turejee kwenye utambuzi. Aina mbili zilizotajwa zilipewa majina ya kisayansi na Linnaeus mwaka wa 1758. Moja ni Monetaria moneta, kauri ya fedha, ambayo kwa karne nyingi ilitoka hasa visiwa vya Maldivi. Nyingine ni Monetaria annulus, kauri ya pete, ambayo imejaa katika mwambao wa Afrika Mashariki na ndiyo iliyouzwa na Zanzibar kwa Wajerumani.

Zikiwa nzima, hata mtoto anaweza kuzitenganisha. Kauri ya pete ina umbo la yai, na mgongoni ina mstari wa rangi ya machungwa unaozunguka kama pete, huku ndani ya pete hiyo mkiwa na rangi ya kijivu au samawati iliyofifia. Kauri ya fedha ni ya manjano au nyeupe, imebanwa kidogo, na kingo zake zimetuna na kufanya pembe na vinundu, hasa kuelekea upande wa nyuma. Zote mbili zina urefu wa sentimita mbili hivi.

Tatizo ni kwamba kauri za Ukambani ni nadra kuwa nzima. Ili ganda lilale vizuri kwenye ngozi na kushonwa imara, mgongo wake ulikatwa au kusagwa juu ya jiwe hadi ukatoboka. Kilichobaki ni tumbo lenye ufa na meno. Alama ile ile ambayo vitabu humwambia msomaji aitazame kwanza, yaani pete, ndiyo iliyoondolewa!

Hapo ndipo mtambuzi hulazimika kusoma kilichosalia. Huanza na mzingo wa ganda: ukiwa mviringo laini kama yai, yaelekea ni kauri ya pete, ukiwa na pembe na vinundu, yaelekea ni kauri ya fedha. Kisha huchunguza ukingo wa tundu lililosagwa, kwa kuwa mara nyingine fundi hakumaliza kazi na ukachi wa pete ya machungwa umebaki pembeni. Kwa ganda moja pekee huenda asipate uhakika. Kwa ukanda wenye maganda hamsini, picha hujitokeza, kwa sababu yale yaliyo bayana husaidia kuyaeleza yale yenye shaka.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini ina uzito. Ukanda wenye kauri za pete tupu huelekeza kwenye mwambao wa karibu, Mombasa na Zanzibar, na pengine kwenye kipindi ambacho biashara ya Zanzibar ilikuwa imepamba moto. Kauri za fedha nazo hupatikana katika mwambao wetu, ila si kwa wingi kama zile za pete. Zikitawala katika pambo moja huzua swali la njia nyingine ya biashara. Hakuna maandishi ya wafanyabiashara wa Kikamba wa wakati huo. Maganda ni sehemu ya kumbukumbu waliyoiacha.

Rangi nayo hudanganya. Kauri hai hung'aa kwa sababu konokono huyo hulifunika ganda lake kwa joho la nyama linalotoka pande zote mbili na kukutana mgongoni. Joho hilo hulipaka ganda tabaka baada ya tabaka na kulikinga lisikwaruzwe. Konokono akifa, ulinzi huo huisha. Ganda linalosuguliwa na mchanga ufuoni hupoteza tabaka la juu, na chini yake hujitokeza rangi ya zambarau. Watu wengi huliokota ganda la namna hiyo wakadhani wamepata aina mpya, kumbe ni kauri ya kawaida iliyochakaa. Kauri iliyokaa miaka mingi kwenye ngozi iliyopakwa mafuta na kufukizwa moshi hugeuka ya manjano nzito au kahawia kama chai, hata kama mwanzoni ilikuwa nyeupe.

Umri pia huleta utata. Konokono huyu akiwa mchanga, ganda lake ni jembamba, halina meno, na ncha yake iliyojisokota huonekana wazi kama ya konokono mwingine yeyote. Rangi yake huwa mistari mipana isiyofanana kabisa na ya mzazi. Akipevuka, mdomo wa nje hujikunja ndani, ufa huwa mwembamba, na meno huota pande zote mbili. Tangu hapo harefuki tena. Huongeza unene tu. Ndiyo maana kauri ndogo si lazima iwe changa, na kubwa si lazima iwe nzee.

Je, iwapo ganda si mojawapo ya zile aina mbili ndogo? Maganda makubwa yalifika bara pia, hasa baada ya reli ya Mombasa kukatiza Kibwezi na Makindu mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye barabara kuu kuleta abiria, wachuuzi na zawadi za pwani. Linaloonekana mara nyingi ni kauri chui, Cypraea tigris, kubwa kama ngumi ya mtoto, jeupe lenye madoa meusi yanayotawanyika. Hili ndilo linalozua uvumi mwingi wa utajiri, kwa kuwa ni zuri na huujaza mkono. Ukweli ni kwamba kauri chui huishi kuanzia Afrika Mashariki hadi katikati ya Bahari ya Pasifiki na limeuzwa kwa watalii kwa miongo mingi. Si adimu, ingawa katika miamba iliyokusanywa kupita kiasi mtu anaweza kupiga mbizi siku nzima asilione.

Kuna mengine yanayofaa kutazamwa kwa makini zaidi. Leporicypraea mappa lina mstari mgongoni, mahali joho la kulia na la kushoto hukutana, na mstari huo hutoa matawi kama mito kwenye ramani. Hakuna jingine lenye mstari wa namna hiyo. Chelycypraea testudinaria ni refu, hupita sentimita 10, lina mabaka ya kahawia kama ganda la kasa na juu yake vidoa vyeupe vidogo sana, kana kwamba mtu amelinyunyizia unga. Mauritia mauritiana lina kibyongo, na kingo na tumbo lake ni la kahawia iliyokolea karibu na weusi. Talparia talpa lina mikanda ya njano na kahawia mgongoni lakini tumbo lake ni jeusi, kinyume cha kauri nyingi ambazo matumbo yake ni meupe. Haya yote hupatikana katika pwani ya Kenya, mengine kwa nadra kuliko mengine, wala hakuna hata moja la kumjengea mtu ghorofa.

Neno adimu lenyewe linahitaji kupimwa. Kauri huitwa adimu kwa sababu tofauti: huenda inaishi kwenye kina kirefu, huenda inaishi mahali padogo mno, au huenda ni binadamu tu ambaye hajajua pa kuitafuta. Sababu hii ya tatu imewaumbua wakusanyaji wengi. Barycypraea fultoni lilielezwa kisayansi mwaka wa 1903, na kwa miongo mingi lilipatikana hasa ndani ya matumbo ya samaki waliovuliwa nje ya pwani ya Afrika Kusini. Samaki ndiye aliyekuwa mpiga mbizi. Nyavu za meli kubwa zilipoanza kukokota vilindi vya Msumbiji mwishoni mwa karne ya 20, maganda yakafurika na bei ikaporomoka.

Mfano wa karibu zaidi na Waswahili uko Oman. Barycypraea teulerei, lenye umbo la tosa na meno yaliyofifia hadi karibu kutoweka, lilijulikana kwa maganda machache tu tangu lilipoelezwa katika miaka ya 1840. Baadaye ilidhihirika kwamba linaishi katika maji ya kina kifupi kandokando ya kisiwa cha Masirah. Daktari Mmarekani Donald Bosch na mkewe Eloise, walioishi Oman miaka mingi, waliliweka hilo na mengine mengi katika kitabu chao cha makombe ya nchi hiyo kilichochapishwa mwaka wa 1982. Ganda hili ni rahisi kulitambua kwa kigezo kimoja: kauri iliyokomaa isiyo na meno yanayoonekana vizuri. Mtu wa Ukambani ambaye babu yake alikuwa baharia au aliyefanya kazi Arabuni anaweza, kwa bahati, kuwa nalo. Hata hivyo, bahati hiyo ni ndogo kuliko uwezekano wa kuwa na ganda la kawaida ambalo meno yake yamesagika kwa kuvaliwa.

Wakusanyaji hulipia pia hali ya ganda. Lenye ufa, lililokwaruzika au lililopoteza mng'aro hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwao, na lisilo na taarifa ya mahali lilipotoka huwa duni zaidi. Ni wazi basi kwamba simbi iliyosagwa mgongo haina soko kwao hata kidogo.

Udanganyifu nao upo. Kauri chui humenywa kwa asidi au kusagwa kwa mashine hadi tabaka la zambarau litokeze, kisha hung'arishwa na kuuzwa kama aina ya pekee. Mengine hupashwa moto ili yabadilike rangi, au midomo iliyovunjika huchongwa kwa tupa ili ionekane mizima. Kioo cha kukuzia vitu hufichua mengi. Ganda la asili lina mng'aro ulio sawa hadi ndani ya mikunjo ya meno, ilhali lililong'arishwa kwa mashine huwa na mikwaruzo midogo inayoelekea upande mmoja, na meno yake huwa bapa kileleni. Lililopakwa mafuta hupoteza mng'aro likioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni.

Mwenye ganda asiloweza kulitambua anaweza kupiga picha za mgongo, tumbo, ubavu na ncha zote mbili, huku rula ikiwa kando, kisha akaziwasilisha kwa wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi au Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) mjini Mombasa. Picha ya mgongo peke yake, ambayo ndiyo watu wengi hutuma, haitoshi. Meno na rangi ya tumbo ndivyo hutenganisha aina zilizo jirani.

Sheria pia ina la kusema. Kuokota makombe ndani ya mbuga za baharini, kama vile Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka wa 1968, ni marufuku, hata kama ganda ni tupu. Nje ya mbuga, biashara ya makombe huhitaji leseni. Wanasayansi huongeza sababu yao: konokono wa kike huatamia mayai yake, akiyakalia chini ya jiwe hadi yaanguliwe. Anayemng'oa huchukua kizazi kizima, na akiliacha jiwe limepinduliwa, viumbe waliokuwa chini yake hufa kwa jua.

Kuhusu mapambo ya zamani, Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huvihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na havipaswi kupelekwa ng'ambo bila kibali. Ukanda uliosafiri na msafara wa enzi ya Kivoi unaingia humo moja kwa moja. Mnunuzi anayetoa shilingi chache na kuondoka nao kuelekea uwanja wa ndege huenda anavunja sheria, na pengine analijua hilo vizuri kuliko mwuzaji.

Jambo baya zaidi linalofanyiwa mikanda hii, hata hivyo, hufanywa na wenyewe kwa nia njema. Kauri hufumuliwa kutoka kwenye ngozi kuukuu, zikachemshwa au kulowekwa katika dawa ya kung'arishia nguo ili ziwe nyeupe, kisha zikashonwa upya kwenye kiondo au ndala za kuuzia watalii. Ganda la kauri ni chokaa. Dawa kali huila na kuifanya butu kama chaki. Aidha, uzi, mafuta ya ngozi na mpangilio wa maganda, ambavyo vingeweza kumwonyesha mtafiti pambo lilishonwa lini na kwa matumizi gani, hupotea siku hiyo hiyo. Kitambaa kikavu laini kinatosha kuondoa vumbi. Na kama nyanya bado yu hai, jina la aliyempa ukanda huo, kijiji alikotoka na sherehe alimouvaa vyafaa kuandikwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja nao ndani ya sanduku.